Chuma Kinachokomaa kwa Kupigwa

Fundi yeyote aliyewahi kutengeneza tindo anaijua kanuni hii: choma chuma hadi kiwe chekundu, kitumbukize majini, kitatoka kigumu. Chuma cha manganisi, yaani chuma kilichochanganywa na metali ya manganisi kwa wingi, hakiifuati. Kichome hadi nyuzi 1,050 hivi za Selsiasi, ukitumbukize kwenye maji baridi yanayokorogwa, nacho kitatoka laini na kistahimilivu, cha kupinda kabla ya kuvunjika. Kiache kipoe polepole hewani, jambo ambalo lingekilainisha chuma kingine, na hiki kitapasuka kwa nyundo ya mkono.

Kwa miaka mingi nimekuwa fundi wa karasha la kokoto nje kidogo ya mji wa Tabora. Karibu kila nililojifunza kuhusu chuma hiki linatokana na tofauti hiyo moja. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, wa kokoto na hata wale wa makarasha ya dhahabu kule Nzega, ambao hupokea mabamba mapya na kuambiwa na muuzaji, "Hiki ni manganisi, ni kigumu, hakiishi." Kigumu hakijawa bado. Kinakuwa kigumu, na kina masharti yake.

Kwa asiyelijua karasha la aina yetu: kuna mabamba mawili yenye meno, moja limesimama, jingine linacheza mbele na nyuma. Jiwe linaingia juu penye nafasi pana, linabanwa, linapasuka, linashuka, linabanwa tena hadi litoke chini likiwa kokoto. Mawe ya Unyamwezi ni graniti, yale majabali ya kijivu unayoyaona yamesimama peke yake katikati ya mashamba, na graniti haina huruma. Bamba moja lina uzito wa mamia ya kilo. Hulifungi bila chenibloku na watu wanaoelewana.

Bamba jipya likifika, pitisha tupa juu yake. Tupa inalikwaruza bila shida. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanza. Namkumbuka tajiri wetu akiniita, ameshika tupa mkononi, amekasirika kabisa: "Fundi, wametuuzia chuma laini!" Wakati huo alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa reli, mkazi wa Isevya, aliyekuwa akija kutusaidia kazi za kufunga mabamba. Mzee alimwambia kwa upole, "Bwana mkubwa, usilipime leo. Lipime likishakula mawe."

Tuliifungua ile karasha baada ya muda wa kazi, tukapitisha tupa ileile. Iliteleza. Haikuacha hata alama.

Wataalamu hupima ugumu kwa kukandamiza kijigololi kigumu juu ya chuma na kupima shimo linaloachwa. Kipimo hicho huitwa Brineli. Chuma cha manganisi kilichotoka kwenye maji huwa na Brineli 200 hivi, chini ya reli ya kawaida ambayo mara nyingi huwa kati ya 260 na 300. Kikishapigwa vya kutosha, uso wake hupanda hadi 500 na zaidi. Lakini ni uso tu, milimita chache. Chini ya hapo chuma kinabaki laini kama kilivyotoka kiwandani. Uso unahimili jiwe, moyo wake unameza kishindo. Uso ukilika, ule ulaini uliokuwa chini unajikuta juu, unapigwa, nao unakomaa. Hakuna chuma kingine ninachokijua kinachojitengenezea ngozi mpya namna hii kazini, bila tanuri na bila fundi.

Aliyekigundua ni Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 23 anayefanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kumimina chuma. Manganisi ilikuwa inajulikana muda mrefu. Kiasi kidogo kilitiwa ndani ya chuma ili kukisafisha. Tatizo ni kwamba ukiongeza hadi asilimia 3, 4 au 7, chuma kinakuwa chepesi kuvunjika kiasi cha kupondeka kwa nyundo, kwa hiyo wengi waliishia hapo wakaona njia imefungwa. Hadfield aliendelea kuongeza. Alipofika asilimia 12 au 13, pamoja na kaboni kidogo zaidi ya asilimia 1, akapata kitu ambacho hakikuwa na maelezo: hakivunjiki, hakishikwi na sumaku, na kadiri unavyokipiga ndivyo kinavyokuwa kigumu. Hadi leo mchanganyiko ni uleule kwa sehemu kubwa: manganisi asilimia 11 hadi 14, kaboni asilimia 1 hadi 1.4. Wenye viwanda hukumbuka kwa urahisi kwamba manganisi iwe karibu mara kumi ya kaboni.

Lishikeni hilo la asilimia 3 hadi 7. Nitalirudia nikifika kwenye kuchomelea, kwa sababu mafundi wengi wanaumia hapo bila kujua wanaumizwa na nini.

Sasa, ndani ya chuma kuna nini? Chuma cha kawaida kikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa umbo la mchemraba wenye atomi kila pembe na moja katikati. Kikipashwa moto sana, mpangilio unabadilika: atomi zinakaa kwenye pembe na katikati ya kila uso wa mchemraba. Mpangilio huu wa pili unaitwa austeniti, na una nafasi ya kumeza kaboni nyingi. Chuma cha kawaida kikipozwa ghafla, kinajaribu kurudi kwenye mpangilio wa kwanza huku kaboni imenaswa ndani. Matokeo ni martensiti, kitu kigumu sana na chepesi kuvunjika. Huo ndio ugumu wa tindo lako.

Manganisi nyingi pamoja na kaboni nyingi huzuia mabadiliko hayo. Austeniti inabaki austeniti hata kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita hapa Tabora. Kwa hiyo maji hayana martensiti ya kutengeneza. Kazi yake ni nyingine: kuizuia kaboni isitoke. Kikipoa polepole, kuanzia pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 900 hivi, kaboni inaanza kujitenga, inaungana na chuma na manganisi, inakuwa kabaidi, na kabaidi hizo hupenda kukaa kwenye mipaka ya chembe, zile fuwele ndogondogo zilizoshikana kuunda chuma. Chembe moja moja ndani zinabaki nzuri. Mipaka ndiyo inaharibika.

Fikiria ukuta wa bani la kukaushia tumbaku. Matofali yamechomwa vizuri, ni imara, lakini udongo uliotumika kuyaunganisha umekauka na kufanya nyufa. Ukigonga ukuta ule, hakuna tofali litakalovunjika. Ufa utapita kwenye viungio, kona kwa kona, hadi ukuta mzima ulale.

Niliyaona haya kwa macho, na ningependa kueleza ilivyokuwa. Tulinunua seti ya mabamba kwa bei nafuu kwa mfanyabiashara mmoja. Yalikuwa na sura nzuri na rangi mpya. Hayakudumu hata robo ya muda wa kawaida. Bamba lililosimama lilipasuka kutoka kwenye tundu la bolti hadi ukingoni, kipande kikadondoka pamoja na mawe, kikapanda mkanda. Juu ya mkanda wetu tuna sumaku kubwa ya kunasa vyuma vilivyopotea kabla havijaingia kwenye karasha la pili. Sumaku haikukigusa. Kilipita chini yake na kuingia, na sauti iliyotoka kule ndani sitaisahau. Tangu hapo nimewasihi wenye makarasha kuweka kitambuzi cha chuma, kile kinachohisi metali ya aina yoyote, kwa sababu sumaku haina habari na chuma cha manganisi.

Kipande kimoja cha lile bamba nilimpelekea rafiki yangu anayefundisha masuala ya metali katika chuo kimoja Dar es Salaam. Alikikata, akakisugua kwa msasa kuanzia ule mkali hadi mlaini, akakingarisha mpaka kikawa kioo, kisha akakipaka asidi ya nitriki kidogo iliyochanganywa na spiriti. Asidi inakula zaidi pale penye mipaka, na picha inajitokeza. Chini ya hadubini chuma kizuri cha manganisi huonyesha chembe kubwa safi, zenye mipaka myembamba kiasi cha kuitafuta. Chetu kilikuwa na wavu mweusi mnene kuizunguka kila chembe, na ndani ya baadhi ya chembe kulikuwa na sindano nyeusi zilizochomoza kutoka mipakani. Kabaidi tupu. Ufa ulikuwa umefuata wavu ule hatua kwa hatua.

Mchanganyiko wake ulipopimwa ulikuwa sahihi. Manganisi ilikuwepo, kaboni ilikuwepo. Kilichokosekana ni maji. Ama bamba halikuchomwa hadi joto lake, ama lilichomwa kisha likacheleweshwa njiani kati ya tanuri na tangi. Hili linaniuma, kwa sababu cheti cha mchanganyiko ndicho kitu pekee wauzaji wengi wanachoonyesha, nacho hakisemi lolote kuhusu moto. Mabamba mawili yanaweza kutoka kwenye chungu kimoja cha chuma, moja likadumu na jingine likapasuka.

Unene nao una neno lake. Maji yanapoza uso. Moyo wa bamba unasubiri joto litoke, na chuma hiki hupitisha joto kidogo sana, karibu robo tu ya chuma cha kawaida. Bamba likizidi milimita 125 au 150 kwa unene, katikati huweza kupoa polepole kiasi cha kabaidi kupata nafasi hata kama kiwanda kimefanya kila kitu sawasawa. Kwa hiyo bamba nene zaidi si lazima liwe bora zaidi. Tajiri wetu alikuwa na mawazo hayo, kwamba tuagize nene tupumzike kufunga na kufungua, na tulibishana naye kwa heshima mpaka akaiona ile picha ya hadubini.

Watu huniuliza kwa nini kinakomaa kikipigwa. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kipigo kinaigeuza austeniti ya usoni kuwa martensiti. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha kuleta mashaka juu ya hilo. Weka sumaku kwenye uso wa bamba lililokomaa, lile ambalo tupa inateleza juu yake: haishiki. Martensiti ingeishika. (Bamba jipya lisilosuguliwa linaweza kuivuta sumaku kidogo sana, kwa sababu moto wa tanuri umeunguza kaboni na manganisi ya ngozi ya juu kabisa; saga milimita moja au mbili ndipo upime.)

Hadubini za elektroni zilionyesha kinachotokea. Austeniti inapobanwa, tabaka za atomi zinateleza, na sehemu za fuwele zinajikunja na kuwa taswira ya jirani yake, pande mbili zilizotazamana. Wenyewe huziita mapacha. Mapacha hao ni mabamba membamba mno yanayokatiza chembe, na kila mmoja ni kizuizi kwa mteleko unaofuata. Kipigo kinachofuata kinakuta njia imezibwa, kinazalisha wengine kwa mwelekeo mwingine, hadi chembe moja imegawanyika vyumba vingi visivyopitika. Kaboni iliyomezwa na austeniti inasaidia kuushika mteleko palepale. Ndiyo maana kaboni ikishatoka na kuwa kabaidi unapoteza mara mbili: mipaka inadhoofika, na chembe zenyewe zinapungukiwa na kile kilichowapa nguvu ya kukomaa.

Basi, kinahitaji kipigo. Hili ndilo sharti kubwa, na ndilo linalovunjwa kila siku. Kuna mwaka tulipokea mzigo wa changarawe nyingi iliyochanganyika na mchanga. Mchanga haupigi. Unasugua tu. Mabamba yetu yalilika haraka kupita tulivyozoea kwenye graniti, na tupa ilipopitishwa usoni iliuma kama siku ya kwanza. Uso haukupata kishindo cha kuukomaza, ukabaki na Brineli zake 200, na mchanga ukajilia. Baada ya hapo tulitengeneza chujio la nondo mbele ya karasha ili mchanga na vumbi vidondoke pembeni kabla mawe hayajaingia. Kwa kazi ya kusuguliwa tu, mfano mifereji ya kupitishia mchanga mkavu, chuma cha manganisi ni pesa iliyotupwa. Tafuta chuma chenye kromi nyingi au bamba lililokomazwa kiwandani, mradi pasiwe na vishindo.

Vilevile mzee wa Isevya alitufundisha kuanza na mawe magumu ya wastani katika saa za mwanzo za bamba jipya, kulisha karasha lijae sawasawa upana wote, na kukaza bolti tena baada ya muda mfupi wa kazi, kwa kuwa bamba linajikalia. Bamba lililolegea linapinda kidogo kwa kila kishindo, na hapo hata chuma kizuri kitafunguka ufa. Sehemu ya chini hulika kwanza. Ukiliona meno yake yameisha, geuza bamba, chini kuwe juu, utumie upande wa pili kabla hujanunua jingine.

Mzee alijua haya kutoka kwenye reli. Tabora ni mji wa makutano tangu zamani: reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Penye njia nyingi pana sehemu nyingi ambazo gurudumu la njia moja lazima likate reli ya njia nyingine. Hapo reli ina pengo. Gurudumu linavuka pengo, linadondokea ncha ya upande wa pili, na kuigonga. Kila gurudumu, la kila behewa, la kila treni. Kipande hicho cha makutano duniani kote hupendwa kutengenezwa kwa chuma cha manganisi kilichomiminwa, kwa sababu kile kinachoua chuma kingine ndicho kinachokikomaza hiki.

"Lakini mwanangu," aliniambia, "kikiwa kichanga kinatiririka." Alimaanisha kwamba katika majuma ya mwanzo, kabla uso haujakomaa, magurudumu hukisukuma chuma pembeni hadi kinatoa mdomo ukingoni. Genge lao lilikuwa linapita na kusaga ule mdomo. Ukiachwa unavunjika na kuondoka na kipande kizima. Ili kupunguza hilo, wapo watengenezaji wanaotandaza baruti iliyotengenezwa kwa umbo la karatasi juu ya uso wa kipande kipya na kuilipua, ili kifike kwenye mataruma kikiwa kimeshapigwa kipigo chake cha kwanza.

Nilipolisikia hilo la kutiririka nilielewa jambo lililokuwa linatusumbua kwenye karasha. Mabamba yetu yalikuwa yanakua. Ndiyo, yanarefuka. Yanapopigwa, chuma cha usoni kinasukumwa kando, bamba linagusa fremu, linabana, na likizidi linaweza kupasua fremu yenyewe au kukata bolti. Siku hizi naacha nafasi pembeni ninapofunga, na kila tunapofungua nasaga midomo iliyojitokeza. Kazi ya saa moja kwa grinda inaokoa fremu ambayo bei yake sitaki hata kuitaja.

Sasa kuchomelea. Hapa nitakaa kidogo.

Chuma cha manganisi kilichokwisha kupata maji yake hakitaki moto tena. Kikifika nyuzi 260 au 300 na kukaa hapo, kaboni inaanza kutoka na kabaidi zinajirudisha mipakani. Vijana wengi wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kwamba chuma chenye kaboni nyingi ni lazima kipashwe moto kabla ya kuchomelewa na kipozwe polepole chini ya majivu. Kwa chuma cha kutupwa na vyuma vya spring ni sahihi. Kwa chuma cha manganisi unakuwa umekitengua kila kitu ambacho kiwanda kilifanya. Nimeona bamba zuri likipashwa kwa gesi hadi likawa jekundu kwa nia njema kabisa ya kulitendea vema, na baada ya wiki likawa vipande.

Sisi tunafanya hivi. Kwanza tunasaga ile ngozi iliyokomaa mpaka tupa iume, kwani weldi juu ya ngozi ngumu hupasuka ukingoni. Hatupashi. Tunapiga mistari mifupi, myembamba, bila kuyumbisha mkono kwa upana, na tunaruka: mstari huku, mwingine mbali kule, ili pasiwe na sehemu inayolimbikiza joto. Chuma hiki hupitisha joto kidogo na hutanuka mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto linabaki pale ulipoliweka na linavuta kwa nguvu likipoa. Mstari ukiwa bado wa moto tunaugongagonga kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, kuupunguzia mvuto. Kipimo ninachokitaka ni kwamba sentimita moja na kitu kutoka kwenye weldi chuma kisivuke nyuzi 260. Zipo chaki zinazoyeyuka kwa joto maalumu, na mtu akiwa nazo hana haja ya kubahatisha. Pakizidi, tunasubiri. Kwa kipande kikubwa unaweza kukilaza kwenye beseni la maji na kuacha nje sehemu unayochomelea tu, mradi fundi asimame pakavu juu ya ubao mkavu na nyaya zake ziwe nzima. Umeme na maji havina msamaha.

Halafu rodi. Ile rodi ya kawaida tunayochomelea mageti na madirisha usiitumie. Nilisema nitarudi kwenye asilimia 3 hadi 7. Rodi ya kawaida ina manganisi kidogo sana. Ikiyeyuka juu ya bamba lenye asilimia 12, vinachanganyika, na mahali vinapochanganyika unapata chuma chenye manganisi ya katikati, kilekile kilichowakatisha tamaa watu kabla ya Hadfield. Umetengeneza utepe mwembamba wa chuma chepesi kuvunjika kati ya bamba na weldi yako. Juu panang'aa na kupendeza, chini pana mstari wa kuachania, na jiwe la kwanza kubwa linaung'oa mshono mzima ukiwa mzima. Tumia rodi za manganisi kwa kujaza, na kwa kuunganisha bamba na chuma cha kawaida tumia zile za stenlesi zenye kromi, nikeli na manganisi ya kuongezwa. Ni ghali, na Tabora mjini hazipatikani kila duka. Sisi huagiza Mwanza au Dar es Salaam mapema. Nimeona watu wakiokoa pesa ya rodi na kupoteza bamba.

Kukata nako, mwendo ni uleule. Grinda na subira, au moto wa haraka unaofuatwa na maji, kisha kusaga ukingo ulioungua. Kutoboa kwa keekee ya kawaida ni kujitesa: ncha ikisita kidogo na kusugua bila kukata, inakuwa imeukomaza uso wa shimo, na hapo haiingii tena. Ikilazimu, keekee yenye ncha ya kabaidi, mwendo wa taratibu, mkono mzito usioachia.

Jambo la mwisho linahusu mapafu na ubongo, na ni hili ninalolisema kwa nguvu kuliko yote. Moshi wa kuchomelea chuma cha manganisi una manganisi ndani yake. Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow alieleza hali ya wafanyakazi waliokuwa wakisaga mawe yenye manganisi: miguu ilikuwa inakosa nguvu, wanatembea wameinamia mbele, sauti imefifia. Leo inajulikana kwamba manganisi ikivutwa kwa muda mrefu huingia kwenye ubongo na kuleta ugonjwa unaofanana na Parkinson: mikono inatetemeka, uso unakauka usionyeshe furaha wala huzuni, mwendo unaharibika. Ukishakomaa haurudi nyuma. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii moshi huu, na maziwa ambayo vijana wanakunywa baada ya kazi hayautoi.

Kwenye karasha letu tunachomelea nje, upepo ukitokea ubavuni ili moshi usipande usoni wala usirudishwe na kivuli cha mwili wa fundi. Tukilazimika kuingia ndani ya karasha lenyewe, feni inavuta moshi kutoka karibu na weldi. Barakoa ni zile zenye kichujio cha chembe ndogo, zinazobana vizuri usoni, na vichujio vinabadilishwa. Kijana asiyevaa hapewi mashine, hata kama tajiri amesimama pale akitazama saa.